Kipimajoto Hakipimi Joto

Neno kipimajoto linatamka jambo ambalo kifaa chenyewe hakilifanyi. Chemsha maji kwenye birika kubwa la shughuli, yamimine kwenye kikombe cha robo lita na kwenye sufuria ya lita tano, kisha chovya kipimajoto huku na huku. Kitaonyesha namba ile ile. Lakini joto lililotumika kuyafikisha maji ya sufuria pale ni mara ishirini ya lile la kikombe, na anayenunua mkaa kwa kopo analijua hilo bila kufundishwa. Kifaa kinachosoma namba moja mahali penye tofauti ya mara ishirini hakiwezi kuwa kinapima joto. Kinapima kitu kingine, ambacho Waingereza hukiita "temperature" na Kiswahili cha darasani hukiita halijoto au jotoridi. Kosa la jina si letu peke yetu. Hata jina la Kizungu la kifaa hicho limeundwa kwa maneno ya Kigiriki yenye maana hiyo hiyo, kipimo cha joto, na lilianza kutumika katika miaka ya 1620, wakati waliokishika mkononi waliamini kwamba kinapima kitu kimoja tu kilichopo cha kupimwa.

Leo mwanafunzi wa sekondari hupewa tofauti ya "heat" na "temperature" katika nusu ukurasa wa kitabu cha fizikia, utadhani ilikuwapo tangu enzi na enzi ikisubiri mtu wa kuinakili. Haikuwa hivyo. Ulaya ilikaa na vipimajoto kwa takriban miaka 150 kabla tofauti hiyo haijasimama kwa miguu yake, na ninachodai hapa ni kwamba aliyeichelewesha ni kipimajoto chenyewe. Kifaa kilipotoa namba, namba ilimeza swali. Maneno hayo mawili hayakuachanishwa na wenye kamusi, wala na wanafalsafa waliokaa kuchambua maana. Yaliachanishwa siku kipimajoto kilipokaa kimya, kikakataa kupanda ilhali moto unaendelea kuwaka.

Kwa asili maneno haya hayakuwa hata majirani. "Heat" ni neno la kale la Kiingereza, la jikoni na la juani, lenye ndugu zake katika Kijerumani na Kiholanzi. "Temperature" lilitoka Kilatini, kwenye kitenzi chenye maana ya kuchanganya kwa kiasi kinachofaa, na makazi yake ya kwanza yalikuwa uganga. Kwa matabibu wa kale mwili ulikuwa mchanganyiko wa joto na baridi, unyevu na ukavu, na afya ilikuwa mchanganyiko uliokaa sawa. Galeni wa Pergamo, katika karne ya 2, aligawa dawa kwa madaraja manne ya joto na manne ya baridi, akapendekeza kwamba kituo cha katikati kipatikane kwa kuchanganya barafu na maji yanayochemka kwa kiasi sawa. Matabibu wa ulimwengu wa Kiislamu walirithi elimu hiyo na kuikuza. Neno lao, mizaj, nalo maana yake ni mchanganyiko, na al-Kindi wa Baghdad, katika karne ya 9, alitumia hesabu kukokotoa daraja la dawa iliyotengenezwa kwa viungo vingi. Elimu hii ndiyo iliyofika mwambao wetu, na mpaka leo Mombasa au Zanzibar utaambiwa kwamba chakula fulani ni cha baridi hata kama kimetoka jikoni kinafuka moshi. Ndiyo sababu naliona neno jotoridi limebahatika. Ndani yake unasikia joto na baridi vimekutana, yaani ile maana kongwe ya neno la Kilatini, ambayo Waingereza wenyewe wameshaisahau.

Kipimajoto kilizaliwa katika nyumba hiyo ya uganga. Mwishoni mwa karne ya 16 Galileo alikuwa na mrija wa kioo wenye hewa juu na maji chini, maji yakipanda na kushuka hewa inapopoa au kupata joto. Santorio, tabibu wa Padua, aliuwekea mrija wa namna hiyo alama za kupimia ili kulinganisha mgonjwa wa jana na wa leo, na habari zake akazitangaza mwaka 1612 ndani ya kitabu cha kufafanua mafundisho ya Galeni. Madaraja ya kimawazo ya Galeni sasa yalikuwa yamechorwa kwenye kioo. Baadaye katika karne hiyo ya 17 mafundi wa Florence walifunga mrija pande zote na kuujaza pombe kali, ili uzito wa hewa ya nje usiuingilie. Daniel Fahrenheit, mzaliwa wa Danzig aliyefanya kazi Uholanzi, alileta zebaki mwaka 1714 na vipimo vyake akavitangaza mwaka 1724. Anders Celsius wa Uswidi alifuata mwaka 1742 na nyuzi zake mia, akianza, kinyume cha tulivyozoea, na 0 kwenye kuchemka na 100 kwenye kuganda. Kila hatua ilileta faida moja kubwa: vifaa viwili vilivyotengenezwa mbalimbali vilianza kukubaliana. Hakuna aliyewahi kuona jambo hilo kabla, na walikuwa na haki ya kufurahi.

Lakini makubaliano ya vifaa yalileta imani kwamba jambo limekwisha. Ikiwa kioo cha Amsterdam na kioo cha London vinasema 60, basi 60 ndilo joto. Na mtu akitaka kujua joto lote lililomo katika kitu, achukue namba hiyo aizidishe kwa ukubwa wa kitu, au kwa uzito wake. Hapo ndipo lilipojificha kosa. Wingi wa joto ulionekana kuwa kivuli cha kipimo, kitu kinachopatikana kwa kuzidisha tu, hivyo haukuhitaji jina la peke yake wala kifaa chake. Kwa hiyo maandishi ya wakati ule yanaposema joto, msomaji wa leo hukwama, kwa kuwa mwandishi anavuka kutoka maana moja kwenda nyingine katikati ya sentensi bila kuhisi kwamba amevuka.

Hapa patakuwa na wenye kupinga, na wana haki. Watasema tofauti ilijulikana zamani: mpishi yeyote anajua sufuria kubwa inakula kuni nyingi, na wasomi wa Chuo cha Merton pale Oxford, katika karne ya 14, walishatenganisha ukali wa sifa na wingi wake, joto likiwa mfano wao mmojawapo. Yote ni kweli. Lakini elimu ya mpishi inaishia kwenye ukubwa wa chombo. Haimwambii chochote kuhusu vitu viwili vyenye uzito sawa, na hata yule aliyezidisha namba ya kioo kwa uzito angekubaliana naye. Wasomi wa Merton walikuwa na tofauti safi sana kichwani, ila hawakuwa na namba hata moja ya kuipima, na tofauti isiyoweza kuleta majibu mawili yanayogongana haimlazimishi mtu kubadili usemi wake. Kipimajoto kilipofika kilileta namba kwa upande mmoja tu, na upande wa pili ukamezwa. Katika jambo hili, kujua nusu kwa usahihi mkubwa kulidumaza zaidi kuliko kutojua.

Dalili ya kwanza ilitoka mikononi mwa Fahrenheit mwenyewe. Herman Boerhaave, mwalimu mashuhuri wa tiba na kemia huko Leiden, alimwomba achanganye zebaki na maji vilivyo na joto tofauti, na matokeo akayaweka katika kitabu chake cha kemia cha mwaka 1732. Tuyaeleze kwa namba ambazo baadaye zilitumika kuyafundishia. Maji yako kwenye nyuzi 100 za Fahrenheit, zebaki ya ujazo ule ule iko kwenye 150. Ukivichanganya unatarajia 125, katikati kabisa. Inakuja 120. Zebaki imepoteza nyuzi 30, maji yamepata 20 tu. Na usisahau kwamba zebaki ya ujazo huo ina uzito zaidi ya mara 13 ya maji. Kama joto lingefuata uzito, zebaki ingeyaburuta maji hadi karibu yafikie namba yake. Badala yake kile chepesi ndicho kilichokiburuta kizito. Boerhaave aliona kwamba joto halifuati uzito, akahitimisha kuwa basi hufuata ujazo, ijapokuwa 120 ya kwake mwenyewe ilikuwa inamkanusha. Hakuwa mtu mzembe. Alikuwa na neno moja mahali palipotaka mawili, na neno moja likiwa mezani, namba inayopotoka huonekana kosa dogo la mizani.

Aliyeisoma upya hesabu hiyo ni Joseph Black. Alizaliwa Bordeaux mwaka 1728, baba yake akiwa mfanyabiashara wa mvinyo kutoka familia ya Belfast, akasoma Glasgow na Edinburgh, akarudi Glasgow kufundisha mwaka 1756. Alikuwa mwangalifu kupita kiasi katika kuandika. Kazi yake kubwa juu ya joto hakuichapisha, aliitoa katika mihadhara, na kitabu cha mihadhara hiyo kilitolewa na rafiki yake John Robison mwaka 1803, miaka minne baada ya Black kufa. Katika mihadhara hiyo alisema waziwazi kwamba watu huchanganya wingi wa joto na nguvu yake, na kwamba hivyo ni vitu viwili. Kipimajoto kinaonyesha nguvu. Wingi hakiuoni, na kila aina ya kitu ina pupa yake ya kupokea joto, ambayo haitabiriki kwa uzito wala kwa ujazo. Zebaki ina pupa ndogo, ndiyo maana ilipoteza nyuzi 30 kuyapa maji 20.

Hata hivyo zebaki na maji visingetosha. Tofauti ingeweza kubaki marekebisho ya hesabu, namba ya kuzidishia iliyo ndogo hapa na kubwa pale. Kilichoivunja imani ya zamani ni barafu. Wakati wa Black ilikubalika kwamba barafu iliyokwisha kufika kwenye nyuzi za kuyeyuka inahitaji chembe tu ya joto ili igeuke maji, na kwamba maji yaliyo pale pale yanahitaji kupoteza chembe tu ili yagande. Black aliwaambia wanafunzi wake watazame theluji ya milimani. Kama imani hiyo ni kweli, asubuhi moja ya joto wakati majira yanabadilika ingeyeyusha theluji yote kwa dakika chache, na mafuriko yangefagia nchi. Mbona theluji hukaa majuma, ikichuruzika taratibu, juani? Napenda hoja hii kwa sababu haina kifaa ndani yake. Kila Mskochi alikuwa ameiona theluji ikikawia, lakini kipimajoto kilikuwa kimewafundisha kutolitilia maanani jambo lisilosogeza zebaki.

Kisha akalipima. Alichukua matufe mawili ya kioo chembamba, kila moja upana wa inchi nne, akatia katika kila moja wakia tano za maji. La kwanza aliligandisha. La pili alilipoza hadi nyuzi 33 za Fahrenheit, uzi mmoja tu juu ya kuganda. Akayatundika kwa waya katikati ya ukumbi mkubwa mtupu, inchi 18 kutoka moja hadi jingine, hewa ya ukumbi ikiwa nyuzi 47, akasubiri. Baada ya nusu saa maji yalikuwa yamefika nyuzi 40, kupanda kwa nyuzi saba. Barafu ilihitaji saa kumi na nusu kufika kwenye 40 hiyo hiyo. Yaani nusu saa 21. Ukumbi ni ule ule, hewa ni ile ile, matufe ni sawa, kwa hiyo joto lililoingia kila nusu saa lilikuwa karibu sawa. Zidisha 21 kwa 7 upate 147, toa nyuzi nane ambazo maji ya barafu yalipanda baada ya kuyeyuka, na zinabaki 139 au 140. Joto la kutosha kupandisha maji yale kwa nyuzi 140 lilikuwa limeingia ndani ya tufe, na muda wote barafu inayeyuka kipimajoto kilikuwa kimesimama kwenye 32 kama kilichogandishwa nacho. Vipimo vya leo vinatoa karibu 144. Kwa matufe mawili, waya na saa ya ukutani, si haba.

Kazi hiyo aliisoma mbele ya klabu ya wasomi wa Glasgow mwezi Aprili 1762. Jina alilolipa joto lile ni joto fiche, kwa kuwa limeingia na halionekani. Mwaka huo huo alihamia kwenye kuchemka. Aliweka maji ya nyuzi 50 katika vyombo vya bati juu ya bamba la chuma lililokuwa jekundu kwa moto. Kwa dakika nne yalianza kuchemka, yaani yalipanda nyuzi 162. Ilichukua dakika 20 nyingine mpaka yakauke yote. Mara tano ya muda, mara tano ya joto: nyuzi 810 za joto zilizoingia bila zebaki kupanda juu ya 212 hata kidogo. Hapa hesabu yake ilipungua, thamani halisi ni karibu 970, kwa kuwa moto wa jikoni haukai sawa kama hewa ya ukumbi. Lakini jambo lenyewe lilikuwa sahihi, na kila jiko la mkaa linaweza kulithibitisha. Maharage yakishachemka, kuongeza mkaa hakuyaivishi haraka. Kunaongeza mvuke tu. Mkaa unateketea, namba haisogei, na joto limetoka kupitia mfuniko.

Katika jengo la chuo cha Glasgow, alikofundisha Black, alikuwapo fundi wa vyombo vya kisayansi, James Watt, aliyekabidhiwa mfano mdogo wa injini ya mvuke ya Newcomen autengeneze katika majira ya baridi ya 1763 kuingia 1764. Ulikula mvuke kwa namna isiyoelezeka. Watt alipitisha mvuke kwenye maji baridi, akaona kwamba mvuke mdogo unachemsha maji yenye uzito mara sita ya uzito wake, akaenda kwa Black kuuliza. Black alikuwa na jibu kabla ya swali. Mvuke na maji yanayochemka husomeka namba moja kwenye kioo, ila mvuke umebeba joto la ziada lisiloonekana, ndiyo sababu unaunguza ngozi vibaya kuliko maji yaliyoutoa. Mwaka 1765 Watt alibuni chombo cha pembeni cha kupozea mvuke, ili silinda isipoteze joto kwa kupozwa na kupashwa upya kila mzunguko. Wapo wanaosema injini ilizaliwa kutokana na nadharia ya Black, na Watt mwenyewe alikanusha kwamba ubunifu wake ulitoka hapo moja kwa moja. Mimi namwamini Watt. Kwa hoja yangu inatosha kwamba fundi, bila kufundishwa nadharia, aligonga ukuta ule ule: kipimajoto kimekaa kimya na joto linapita.

Na hawakuwa hao wawili tu. Johan Carl Wilcke wa Stockholm, bila kujua ya Glasgow, alimimina maji ya moto juu ya theluji na mwaka 1772 akatangaza kwamba kuyeyusha theluji kunameza joto la kupandisha maji yenye uzito sawa kwa nyuzi 72 za Celsius. Thamani ya leo ni karibu 80. Sisemi hivi ili kumpunguzia Black sifa. Watu watatu walipofika mahali pamoja kwa njia za theluji, matufe na mvuke, wazo la kwamba tofauti ya maneno ilikuwa uchaguzi wa mwalimu mmoja mpenda istilahi linakosa pa kusimama.

Sasa kuna pingamizi zito kuliko la mpishi. Black na warithi wake walizungumza juu ya joto kama kitu kinachoingia, kinachojaa na kujificha. Huko Ufaransa mkemia Lavoisier na wenzake walikipa jina mwaka 1787, kaloriki, na mwaka 1789 Lavoisier alikiorodhesha miongoni mwa elementi pamoja na oksijeni. Yeye na mwanahisabati Laplace walikuwa wamekwisha kubuni chombo cha kupimia joto kwa uzito wa barafu iliyoyeyuka, wakamweka simbilisi ndani yake na kupima maji yaliyochuruzika chini. Hicho ndicho kilichokuwa kipimajoto cha kweli, ukipenda, na msingi wake wote ni kwamba barafu inayeyuka bila kubadili namba ya zebaki. Lakini kaloriki haipo. Mwaka 1798 Count Rumford alieleza jinsi, katika ghala la silaha la Munich, farasi waliuzungusha mzinga uliozamishwa majini huku keekee butu ikikandamizwa ndani yake, na baada ya saa mbili na nusu maji yakachemka bila moto wowote, na joto likaendelea kutoka kadiri farasi walivyozunguka. Kitu hakiwezi kutoka bila kikomo ndani ya kipande cha chuma. Kati ya 1845 na 1850 James Joule, mtoto wa mwenye kiwanda cha bia karibu na Manchester, alizungusha makasia ndani ya maji kwa uzito unaoshuka, akapata kwamba ratili moja ya maji hupanda uzi mmoja wa Fahrenheit kwa kazi ya kushusha ratili 772 kwa futi moja. Joto ni nishati, si maji maji ya siri. Je, nadharia ikifa, tofauti iliyozaliwa nayo haifi?

Haikufa, na hapo ndipo naona hoja inapata nguvu yake. Black mwenyewe hakutaka kuapa kwamba joto ni kitu cha aina gani, na tahadhari yake ilikuwa na maana, kwa kuwa saa kumi na nusu za barafu hazikutegemea jibu. Ziite kaloriki, ziite nishati, matufe yale bado yanatofautiana. Mwanafizikia Clausius alipoandika upya elimu ya joto kuanzia mwaka 1850, na mwanafizikia mwenzake Maxwell alipochapisha kitabu chake cha joto mwaka 1871, waliyakuta maneno mawili yakiwa yamekwisha kuachana na wakayajaza maana mpya: halijoto ikahusishwa na mwendo wa wastani wa molekuli, joto likawa nishati inayohama kutoka kitu chenye halijoto ya juu kwenda cha chini. Wakazidi kukaza uzi. Kwa mwanafizikia wa leo hata kusema sufuria ina joto ndani yake ni kosa, maana joto lipo njiani tu, kama nauli inayolipwa na si fedha iliyo mfukoni. Kwa kipimo hicho joto fiche ni msemo wa marehemu. Hakuna kilichojificha, nishati imetumika kuzifungua molekuli zilizoshikana. Vitabu vinaendelea kuuchapa, na sioni madhara.

Anayetaka kutuhukumu kwa lugha ya kila siku nitamkatalia. Anayesema leo Dar es Salaam kuna joto kali hajakosea, kama Mwingereza asivyokosea akitumia "heat" kwa maana hiyo hiyo. Mtabiri wa hali ya hewa anaposema kiwango cha joto kimefika nyuzi 33 yuko sahihi kabisa, kwa kuwa kiwango ndicho anachosoma. Tofauti hii haikuzaliwa sokoni na soko halina deni nayo. Inadaiwa pale ambapo mtu anapasha maji, anagandisha samaki, anayeyusha chuma, au anamfundisha mtoto kwa nini maji ya mtungi hupoa yanapovuja jasho kwenye udongo. Hapo neno moja halitoshi, na Kiswahili hakina haja ya kuomba msamaha: joto liko, halijoto iko, jotoridi liko. Kinachobaki ni walimu kuyatumia bila kuyabadilishana, na kumwambia mwanafunzi mapema kwamba jina la kifaa kilichoko maabara linadanganya.

Mwaka 1948 Mkutano Mkuu wa Vipimo na Mizani uliamua kwamba joto lihesabiwe kwa juli, kizio kile kile cha kazi na nishati. Halijoto ilibaki na kizio chake, kelvini, na tangu tarehe 20 Mei 2019 kizio hicho hakifafanuliwi tena kwa maji wala kwa barafu, bali kwa namba moja isiyobadilika inayokiunganisha na juli: juli 1.380649 × 10⁻²³ kwa kila kelvini.